Paa la Ouranos

Thessaloniki, 12 Januari 1995

Mpendwa Bibi Smaragda,

Hunijui, na labda ukiona stempu ya Ugiriki utadhani kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa, sote wazima. Naitwa Xenia, binti wa Kosmas, mjukuu wa kaka yako Paraskevas. Anwani yako nimeikuta kwenye kadi ya Pasaka ya zamani ambayo marehemu Bibi Chrysi aliibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Uniwie radhi kwa kuingia bila hodi.

Nina duka la dawa karibu na uwanja wa Vardaris. Tangu nilipohamia hapa, jambo moja limekuwa likinikera: stoo ya nyuma imeinama. Chupa ikidondoka inabingirika yenyewe hadi ukuta wa mwisho, kana kwamba kuna mtu anaiita. Nilikuwa namlaumu aliyejenga. Kisha, kabla ya Krismasi, akaja Bi Anthoula, mjane mmoja ambaye hununua dawa ya kifua halafu hukaa kitini mpaka amalize habari za mtaa mzima. Nikamwomba anisubiri nilete dawa. Akanifuata mpaka mlango wa stoo, akasimama, akaanza kucheka.

“Mwanangu,” akasema, “umeweka dawa za kikohozi pale pale nilipobusiwa mara ya kwanza.”

Kumbe stoo yangu ilikuwa sinema! Iliitwa Galini. Sakafu imeinama kwa sababu watu walikaa kwa mistari, wa nyuma apate kuona juu ya kichwa cha wa mbele. Tangu siku hiyo sina usingizi mzuri. Nimebandika ramani ya mji ukutani nyuma ya kaunta, na kila mteja anayekumbuka jumba la sinema au la michezo ya kuigiza lililokufa anachomeka pini. Moja sasa ni duka kubwa la vyakula, na friji la samaki limekaa hasa pale jukwaa lilipokuwa. Jingine ni maegesho ya magari, lakini ukuta mmoja bado mweupe pe, hakuna aliyejisumbua kuupaka rangi nyingine. Jingine lilikuwa la wazi, katikati ya nyumba za ghorofa, na majirani walitazama bure kutoka kwenye vibaraza huku wakikaanga biringanya. Nasikia kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akitangaza kwa kelele mwisho wa hadithi kabla haujafika, kwa ubaya tu.

Sasa nina ugomvi dukani. Ni juu ya Ouranos. Bi Anthoula anasema jumba hilo liliitwa Ouranos, yaani Mbingu, kwa sababu paa lake lilifunguka. Bwana Minas, aliyekuwa dereva wa tramu, anasema ni uongo.

“Nimeingia Ouranos mara ngapi, sijaona hata mwezi! Lile lilikuwa tangazo la kuvuta watu.”

“Wewe ulikuwa unakwenda kulala, Minas. Utaonaje mwezi umefumba macho?”

Nikamuuliza Babu. Akasema, “Lilikuwa jumba la sinema. Dada yangu alikuwa akiwakatia watu tiketi pale. Kunywa supu yako.” Basi. Ndiyo maana nakuandikia. Paa lilifunguka, au halikufunguka?

Mjukuu wako,
Xenia


Melbourne, 3 Februari 1995

Xenia,

Kwanza, usiniite bibi. Wajukuu wangu wenyewe wananiita Smaro. Kama ulimi wako hauwezi, sema Shangazi.

Pili, nani kasema nilikata tiketi? Au usinijibu, umeshaniambia nani. Haya, iwe hivyo. Nilikata tiketi.

Kwa mkata tiketi nakumbuka mengi, utaniambia. Ouranos ilijengwa kwanza kwa ajili ya michezo ya kuigiza, na baba yake Bwana Iordanis. Sinema zilipokuja, mwana akatundika pazia jeupe lakini jukwaa hakulibomoa, na kabla ya filamu aliweka muziki kidogo: mpiga kinanda cha nyuzi, mchekeshaji, mwanamke wa kuimba. Kulikuwa na vyumba vinne vya wenye nazo kando ya jukwaa, kila kimoja na malaika wa plasta juu yake. Mmoja hakuwa na pua. Mahameli ya viti ilikuwa nyekundu katika matangazo na kahawia katika maisha. Watu walitafuna mbegu za alizeti tangu taa zinazimwa mpaka zinawashwa, ukitoka unakanyaga maganda kama unatembea kwenye changarawe. Wakati wa baridi kulikuwa na jiko la makaa upande wa kulia, na wanaume walipigania viti vya hapo huku wakijidai wanawatafutia mama zao.

Paa lilifunguka. Mwambie huyo dereva wa tramu nimesema mimi. Yalikuwa mabawa mawili ya mbao na mabati, yakipita juu ya reli. Jioni za Mei, kwanza unasikia ngurumo kama treni inaondoka, halafu moshi wote wa sigara unapanda juu kwa pamoja, na ukumbi mzima unasema “aaa” kabla filamu haijaanza. Sijawahi kusikia tena watu wengi hivyo wakifurahi kwa kitu cha bure.

Ukitaka kujua lilivyofanya kazi, muulize fundi wa paa. Unakunywa naye supu.

Smaragda

Hapa ni kiangazi. Mume wangu alifariki mwaka wa juzi, binti yangu anakaa mtaa wa pili. Nilifanya kazi kiwanda cha biskuti mpaka magoti yakakataa. Nimekuandikia haya usije ukadhani sina adabu.


Thessaloniki, 1 Machi 1995

Shangazi mpendwa,

Babu yangu alikuwa fundi wa paa! Maisha yangu yote najua alitengeneza baiskeli. Nimekua kwenye mapaja yake, nimeendesha baiskeli alizoziunga mwenyewe, na hakuwahi kusema.

Nilisubiri mpaka alipoketi mezani. “Babu, Shangazi Smaragda anasema wewe ndiye uliyefungua paa la Ouranos.”

Kijiko kikasimama hewani. “Amekuandikia?”

“Nilimwandikia mimi kwanza.”

“Amesema nini kingine?”

“Kwamba watu walisema aaa.”

Akainuka akaenda kumlisha kanari wake. Kanari alikuwa ameshalishwa, Shangazi. Punje zilikuwa zinamwagika nje ya kizimba.

Kwa kuwa hasemi, nimekwenda mwenyewe. Ouranos sasa ni duka la samani. Mbele kuna vioo, ndani kuna makochi yaliyovikwa nailoni, na dari ni la chini, mbao nyeupe na taa ndefu. Ukiingia hutajua kamwe. Mwenye duka, Bwana Themis, ni mpangaji tu, mtu mwema mwenye huzuni za biashara. Nilimuuliza juu ya hilo dari kuna nini.

“Giza na njiwa,” akasema. “Kuna mlango mdogo nyuma ya makabati. Sijaufungua tangu mafundi wa umeme. Nami sina haja nao tena, dada. Warithi wa mwenye jengo wameuza. Mwisho wa Mei linabomolewa, wanajenga ghorofa.”

Nimepeleka ombi serikalini jumba lisibomolewe. Nimejibiwa kwamba jengo halina sura ya kulindwa. Sura wameifunika kwa makochi, watailinda vipi?

Lakini si hayo yaliyonifanya nikae kuandika. Jana nilimwambia Bi Anthoula kwamba nina shangazi Australia aliyekata tiketi Ouranos, anaitwa Smaragda. Akaja karibu, akanishika kidevu kama vile ananunua mbuzi.

“Ndiyo maana,” akasema. “Kila siku najiuliza nimeona wapi kidevu hiki. Mkata tiketi? Nani kakudanganya? Smaro alikuwa anaimba! Mimi nilikuwa pale siku ya mvua. Nilikuwa na mwavuli wa mama yangu.”

Nikamuuliza siku gani ya mvua. Akafunga mdomo, yeye ambaye hafungi mdomo hata akipimwa homa. Akasema, “Hiyo si hadithi yangu. Muulize mwenyewe.”

Nakuuliza. Kwa nini nyumbani kwetu wewe ni mkata tiketi?

Xenia


Melbourne, 22 Machi 1995

Xenia,

Nilichana barua mbili kabla ya hii. Umetaka kujua, basi ujue, halafu tuiache.

Nilikuwa na sauti. Sijisifu, ni kama kusema nilikuwa na nywele. Bwana Iordanis alinisikia nikiimba dirishani kwa mshonaji niliyekuwa nikimfanyia kazi, akaniambia nije kabla ya filamu, nyimbo tano, Jumamosi ya Mei, mwaka hamsini na saba. Baba yetu alikuwa mkimbizi aliyekuja na mashua kutoka Smirna akiwa hana kitu ila heshima, na kwake mwanamke wa jukwaani na mwanamke wa mtaa wa nyuma walikuwa mmoja. Kwa hiyo hakuambiwa. Aliyejua ni Paraskevas tu, maana alifanya kazi palepale.

Wiki nzima hakuacha kunipigia kelele. “Baba akijua atakufukuza! Huna akili? Utaimba, halafu kesho utakula nini, makofi?” Nami nikamwambia, “Wewe fungua paa lako, uniache na mdomo wangu.” Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho ya kuelewana.

Jumamosi ilifika. Ukumbi umejaa, paa limefunguliwa, mimi nina gauni la kijani la kuazima. Wimbo wa kwanza, wa pili, wananipigia makofi. Katikati ya wa tatu nikahisi tone. Nikatazama juu. Mbingu nyeusi. Nikasema moyoni, kaka yupo juu, sasa hivi atalifunga. Nikasikia ngurumo ya mabawa yanaanza kusogea, halafu yakasimama. Yamesimama kabisa, Xenia! Na mvua ikashuka kama inamwagwa kwa ndoo. Wapiga muziki walikumbatia vyombo vyao wakakimbia. Kipaza sauti kikafa. Gauni la watu linachuja rangi miguuni pangu, na mimi nimesimama pale natazama lile tundu juu, namngoja.

Hakulifunga. Nilimaliza bila muziki, kwa waliobaki mbele na miavuli na magazeti vichwani. Nikashuka. Nilidhani atakuja nyuma ya jukwaa, hata kama ni kunicheka. Hakuja. Nilirudi nyumbani peke yangu, nikakaa ngazini nakausha nywele. Alipoingia, mkono ameufunga kitambaa, Baba alimuuliza kuna nini. “Nimeanguka na baiskeli.” “Na huyu mbona amelowa?” Akanitazama usoni, akasema, “Huyu? Anakata tiketi. Kibanda kinavuja.”

Anakata tiketi. Aliniharibia siku yangu mbele ya mji mzima ili anionyeshe kwamba alikuwa na haki, kisha akanifanya mkata tiketi. Miezi michache baadaye nilipanda meli bandari ya Pirea kuja huku. Kila Pasaka nilipata kadi kutoka kwa Chrysi, mkewe, Mungu amrehemu, kwa mwandiko wake, “Paraskevas anakusalimu.” Hakuna hata mara moja alipoandika neno lake mwenyewe. Hata jina. Miaka yote hiyo! Na Chrysi alipokufa, kadi zikafa.

Paa lilifunguka. Kufungwa ndiko kulikokuwa na shida. Chomeka pini yako hapo.

Smaragda


Thessaloniki, 11 Aprili 1995

Shangazi,

Nilimsomea Babu barua yako. Hukunipa ruhusa, najua, nami sikumwambia kwamba hukunipa. Nilisoma yote, pamoja na ngazini na nywele. Alikuwa ameketi ameegemea meza, mkono wa kulia mfukoni kama kawaida yake. Nilipofika mwisho alisema sentensi moja.

“Anafikiri ni mimi?”

Kisha akaenda kulala, saa kumi na mbili jioni, na jua bado lipo.

Siku ya pili alikuja dukani kwangu. Hajawahi kuja, anasema harufu ya dawa inamkumbusha madaktari. Alisimama mbele ya ramani akazisoma pini zote, Bi Anthoula akiwa kimya kitini kama yuko kanisani. Akasema, “Huyo wa makochi, atatufungulia?”

Tulikwenda Jumapili mchana. Bwana Themis alisogeza makabati, akatoa tochi. Mlango ni mdogo, unaingia umeinama, halafu ngazi ya chuma inapanda. Nilitaka kumshika Babu kiuno. “Nishike ukiona naanguka,” akasema, “si kabla.”

Tulitokea juu ya dari la uongo, Shangazi, na Ouranos iko pale. Nakwambia iko pale! Mbao nyeupe za duka zimening’inizwa katikati ya ukumbi, na juu yake nusu ya jumba imebaki kama ilivyokuwa: vyumba vinne vya wenye nazo, na malaika wako wote. Kweli mmoja hana pua. Kuna kiti kimoja kimepinduka ndani ya chumba cha pili. Bwana Themis akasema taratibu, “Miaka yote nimeuza vitanda chini ya hivi,” akajifanyia ishara ya msalaba.

Babu hakutazama malaika. Alifuata njia ya ubao iliyo kando ya ukuta mpaka pembeni kabisa chini ya paa, pale lilipo gurudumu la kuvutia na kamba ya chuma. Akaweka mkono wa kushoto juu yake. Ndipo alipozungumza, akiwa ametugeuzia mgongo.

Alisema alianza kulifunga alipoona wingu, kabla hata ya tone la kwanza. Mabawa yakasogea, kisha kamba ikachomoka kwenye gurudumu dogo la juu. Alijua ukiliacha hivyo halitafungika, kwa hiyo akapanda, akaingiza mkono airudishe. Kamba ikakaza. Ikamkamata vidole pamoja na kiganja, akawa amenasa, amelala kifudifudi juu ya mbao, uso wake kwenye ukingo wa tundu, na mvua inampiga mgongoni.

Nikamuuliza, “Hukupiga kelele?”

“Nipige kelele niseme nini? Shoo ingesimama. Wangewasha taa, wangepanda watu, wangekuja polisi, na asubuhi Baba angejua nani alikuwa jukwaani.” Akafuta kutu kwenye gurudumu. “Tena alikuwa anaimba.”

Alikaa hivyo mpaka watu walipotoka na Bwana Iordanis akapanda na mtu mwingine kumtoa. Iordanis alimfunga mkono, akamwambia, “Nenda nyumbani, mimi nitamweleza dada yako.” Babu akaenda akamwambia baba yenu uongo wa baiskeli na uongo wa tiketi, wote wawili kwa pumzi moja. Uongo wa tiketi ulikuwa wa kukukinga, Shangazi. Kisha ukakaa. Alimwambia Bibi Chrysi, akawaambia watoto, na baba yenu alipokufa kila mtu alikuwa ameshauzoea.

Na sasa sikiliza. Yeye miaka yote alidhani Iordanis amekwambia. Alidhani unajua, na kwamba ulipanda meli bila hata kumuuliza, “Mkono vipi?” Aliniambia hivyo hivyo: “Hakuuliza hata mkono vipi.” Ndiyo maana hakuandika. Hiyo, na mkono wenyewe. Vidole viwili vya kulia havikunjiki tangu siku ile, na kalamu haishikiki. Mimi nilidhani anaficha mkono mfukoni kwa ajili ya baridi.

Halafu akasema, “Hebu.” Bwana Themis akashuka kuleta mafuta ya mashine. Tulipaka kila mahali, tukashika mpini watatu, Babu kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili, kitu kikapiga ngurumo juu yetu, njiwa wote wakaruka, na chini dukani mteja akapiga kelele, “Themis! Ni tetemeko?” Bawa moja likasogea. Kidogo, kama urefu wa mkono wangu toka kiwiko. Jua la mchana likaingia likaangukia uso wa yule malaika asiye na pua.

Bwana Themis ndiye aliyesema “aaa”.

Xenia


Melbourne, 2 Mei 1995

Xenia,

Barua yako niliisomea jikoni nimesimama, na maziwa yakachemka yakamwagika yote. Binti yangu aliingia akadhani nimepata kiharusi.

Waliniambia baiskeli.

Iordanis hakuniambia neno. Nilipokwenda Jumatatu kurudisha kilichobaki cha gauni, hakuweza kunitazama. Alisema tu hataki tena kufungua paa, nisahau habari hiyo. Nilidhani ananionea aibu. Sasa nadhani aliogopa, maana kamba ile ilikuwa yake na ilikuwa ya zamani, na mtu aliumia. Amekufa. Sina wa kumuuliza.

Vidole vipi? Umesema viwili, hukusema vipi. Anaweza kufunga kifungo? Anakulaje?

Mimi ni mwanamke mgumu, Xenia, na jambo hili nimelibeba mpaka limechukua umbo la mgongo wangu. Siwezi kuliweka chini kwa barua moja. Nina swali la mwisho. Baada ya wapiga muziki kukimbia na kipaza sauti kufa, niliimba kitu kimoja zaidi. Hakikuwa kwenye ratiba. Hakuna aliyekisikia ila mstari wa mbele, na hao walikuwa wanahangaika na miavuli. Hata huyo Anthoula wako sidhani kama alisikia. Kama Paraskevas alikuwa amelala pale kwenye ukingo wa tundu, basi alisikia.

Muulize niliimba nini.

Smaragda


Thessaloniki, 28 Mei 1995

Shangazi mpendwa,

Nimechelewa kwa sababu ya mambo mawili.

La kwanza: Ouranos haipo. Walianza Jumatatu asubuhi. Bi Anthoula, Bwana Minas na mimi tulisimama upande wa pili wa barabara, na watu wengine wengi ambao sikuwajua, kila mmoja akiwa na kisa chake. Mashine ilipovuta, dari jeupe la duka likaanguka lote kwa mara moja, na kwa dakika chache ukumbi wote ukaonekana kutoka barabarani, wazi kama nyumba ya mwanasesere: jukwaa, vyumba vinne, reli za paa. Bwana Minas akavua kofia.

“Reli zile pale,” akasema Bi Anthoula. “Unaziona, au umefumba macho?”

“Naziona,” akasema. “Nilikuwa nalala, mama. Nilikuwa nafanya kazi zamu mbili.”

Bwana Themis amehamishia makochi yake karibu na stesheni. Nimemwomba maelezo ya jumba lake jipya, na nimegundua lilikuwa ukumbi wa vikaragosi. Pini nyingine.

La pili ni swali lako. Nilimuuliza Babu siku ile ile barua ilipofika. Akasema, “Hilo si la kukujibu wewe.” Akaniomba karatasi. Amekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto kwa wiki kadhaa, jikoni, mlango umefungwa, akichana na kuanza upya. Hakuniruhusu kusoma wala kumsaidia tahajia. Jana binti yako alipopiga simu kusema umekata tiketi ya ndege, nilimpelekea habari hiyo mlangoni, nikasikia kiti kinaanguka. Leo amenipa bahasha hii imeshafungwa. Naituma kama ilivyo.

Sijui ndani kuna nini, na nakiri kwamba inanitafuna.

Xenia


Thessaloniki, 27 Mei 1995

Smaro,

Samahani kwa mwandiko. Mkono huu haukusoma shule.

Uliimba wimbo wa Mama wa kutulaza, ule wa Smirna. Ulisahau ubeti wa pili, ukarudia wa kwanza. Wa pili unaanza na bustani. Nilikuwa nakutajia kutoka juu lakini hukunisikia, mvua ilikuwa kubwa.

Uliimba vizuri. Nilikwambia usiimbe kwa sababu ya Baba. Si kwa sababu nyingine.

Vidole ni cha kati na cha pete. Vifungo nafunga. Kalamu na kijiko natumia kushoto, supu namwaga kidogo. Nilidhani unajua. Nilikungojea uniulize, na wewe ulikuwa unaningojea, na Iordanis amelala kaburini ameshiba. Tuliache hilo. Sisi tumebaki wawili tu tunaojua ubeti wa pili, na mimi sauti sina.

Xenia anasema unakuja tarehe kumi na tano Juni. Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa. Ngazi ni nyingi na lifti hakuna, utapanda polepole, nitachukua mizigo kwa kushoto. Usilete biskuti, nasikia umezitengeneza miaka yote, zitakuwa zimekuchosha. Kanari anaamka mapema, usimlaumu.

Uwanja wa ndege sasa ni mkubwa na watu wengi. Mimi nimezeeka, nywele zimekwisha, hutanijua. Usihangaike kunitafuta. Ukitoka mlangoni simama tu. Nitakuita jina lako kwa sauti, mbele ya watu wote.

Kaka yako,
Paraskevas